Tulipomwita kwa Kipaza Sauti

Mimi shule niliiona kwa dirisha kuliko nilivyoikalia. Miaka miwili, basi. Lakini kisiagi cha kwanza kusaga mahindi upande wetu wa Matiliku kilikuwa changu, na sikukirithi kwa mtu. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ingawa najisifu pia. Nasema ili ujue mambo ya injini nayajua. Dizeli ikikohoa nitakuambia ni maji, ni hewa ama ni uchafu kabla hujashuka kwa baiskeli. Kwa hivyo binti yangu aliponishinda, alinishinda mahali pale pale nilipojiona nimesoma: masikioni.

Alikuwa mtoto wetu wa tatu. Kufika miaka saba alikuwa na maneno kama sita, na hayo aliyatoa kwa ubahili. Kikombe cha bati kikianguka sakafuni, alipiga yowe kana kwamba kimemwangukia yeye. Jogoo, makofi, mlango ukibamizwa na upepo, akina mama wakipiga vigelegele arusini, yote hayo yalimtupa chini, mikono masikioni, macho ameyafumba. Kanisani tulikoma kukaa naye ndani. Mke wangu alisikiliza mahubiri akiwa nje kando ya tangi la maji, na mimi nikakaa kwa benchi peke yangu kama mgeni.

Sasa sikia jambo lililonichanganya. Kisiagi changu kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Wateja wakiwa ndani waliongea kwa vidole. Na mtoto huyo huyo aliyelizwa na kikombe alikuja kila alasiri, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa mabati wa nyumba ya mashine, ukuta unatetemeka, unga umemjaa nyusi, akalala. Nikizima injini anaamka na kulia. Nikiwasha ananyamaza. Nilimtazama nikajiuliza, huyu anaogopa kelele ama haogopi? Sikupata jibu, na mimi nikikosa jibu huwa nachukua lililo karibu. Nikasema mtoto ni mkaidi na mama yake amemdekeza.

Wengine walikuwa na majibu yao. Shangazi yangu alisema ni pepo wa ukoo wanadai kilumi, ile ngoma inayopigwa na kina mama kuwatuliza pepo. Wazee wa kanisa wakasema ndiyo, ni pepo, lakini dawa ni maombi. Shangazi alitaka ngoma tatu kubwa. Wazee walikuja kumi na mmoja wakaomba wote kwa pamoja, kila mmoja akimzidi mwenzake sauti, na mtoto akaingia chini ya kitanda akakaa huko mpaka jioni. Kila aliyekuja kumponya kelele alikuja na kelele yake mwenyewe. Hilo naliona leo. Siku hizo niliwashukuru, nikawapa chai.

Halafu kulikuwa na mama mkwe wangu. Yeye alikaa Kitui, kwenye kilima nje ya mji. Sisi Wakamba, mtu na mama mkwe wake wana nthoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Hamtazamani usoni. Hamkai mahali pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Miaka kumi na minne ya ndoa, mimi mama huyo nilikuwa nimemwona mgongo tu, na mgongo wenyewe ukiwa mbali. Maneno yake yalinifikia kwa mdomo wa mke wangu.

"Mama anasema tumpeleke mtoto akae kwake," mke wangu aliniambia siku moja. "Anasema mashine yako inamla masikio."

"Mashine yangu ndiyo inayomlaza."

"Anasema kwake hakuna kelele. Ni njiwa tu."

"Nimpeleke kama mbuzi wa kufugiwa? Watu waseme nina mashine, nina pikapu, nina shamba, na nimeshindwa na mtoto mmoja?"

"Hakuna aliyesema umeshindwa."

"Wewe unasemaje?"

Alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na lilinichoma kuliko matusi.

Krismasi iliyofuata nilimpeleka mtoto mjini Wote. Seremala mmoja alikuwa amesimamisha bembea sokoni, gurudumu la mbao lenye visanduku vinne vya kukalia watoto, linazungushwa kwa mkono na wanaume wawili. Mbao zilikuwa zinalia kwii, kwii kama mlango wa zizi. Binti yangu alipanda akashuka, akapanda tena. Alipanda mara nyingi mpaka wale wanaume wakaniuliza kama nataka kuwaua. Na alikuwa anacheka. Mimi nilisimama pale nikiwa nimevaa koti langu, nikamwambia kila aliyepita, "Huyo wa juu ni wangu."

Basi nikapiga hesabu yangu. Mtoto analala kando ya injini. Mtoto anapenda bembea. Kitui kunakuja shoo ya kilimo, na huko kuna farasi wa mbao wanaozungushwa na injini. Injini na bembea vimekaa pamoja. Ataogopa nini? Ilikuwa hesabu nzuri, na mpaka leo nikiirudia sioni niliposahau kubeba.

Nikamwambia mke wangu, "Shoo ikifika Kitui nitampeleka. Atapanda farasi wa mbao kama watoto wa watu, atashuka akicheka. Akishindwa, mama yako amchukue hapo hapo. Sitasema kitu."

"Hilo ni neno kubwa."

"Nimeshalisema."

Sikujua kwamba alilipeleka kwa mama yake kama lilivyo.

Tulisafiri kwa pikapu yangu, sisi watatu mbele, na vumbi la barabara hiyo likatufanya tuwe rangi moja. Mtoto alikuwa katikati, ameweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, ametulia kabisa. Tulipata chumba kwa Mwislamu mmoja mwenye hoteli karibu na soko la Kitui, mtu ambaye wazazi wake walitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alfajiri mwadhini aliadhini kwa koo lake tu. Mtoto aliketi kitandani akasikiliza mpaka mwisho, hakupiga yowe. Lakini chini jikoni sufuria moja ilipoanguka, alilia mpaka akatapika uji.

Mwenye hoteli alituletea maji na kitambaa mwenyewe.

"Bwana mkubwa," akaniambia, "huyu mwana wamuuguza?"

"Hauguzwi. Ni kelele tu hapendi."

"Na leo wampeleka wapi?"

"Shoo."

Alinitazama, akamtazama mke wangu, akanitazama tena. "Ama kweli. Mtu aogopa maji, mwenziwe ampeleka kuogelea."

Mke wangu alicheka. Mimi nilimwambia alete chai.

Tulipofika langoni nikaona mtoto amefungwa kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa mama yake amemjaza pamba masikioni. Nilikasirika. Watu wa Kitui walikuwa wanapita, wengine wananifahamu kwa biashara.

"Toa hiyo pamba. Wataona ni mgonjwa."

"Acha nayo, baba watoto. Inamsaidia."

"Akipanda na pamba itakuwa amepanda?"

Niliitoa mwenyewe kwa vidole vyangu. Ningeweza kusema kwamba ilianguka, lakini niliitoa, nikaitia mfukoni.

Mwanzo haukuwa mbaya. Alipitia ng'ombe wa maonyesho, akagusa pua ya fahali. Kwenye farasi wa mbao nilimwinua mwenyewe, nikamkalisha kwa farasi mwekundu. Alimkumbatia shingo. Mashine ikaanza kuzunguka. Mzunguko wa kwanza alipita akinitazama, na naweza kuapa alikuwa karibu kutabasamu. Mzunguko wa pili alipita amelaza shavu juu ya mbao. Nikamgeukia mke wangu nimwambie kitu cha kujisifu, na kabla sijafungua mdomo, kipaza sauti kilichofungwa kwenye mlingoti juu ya farasi hao kikanguruma: "Aloo! Aloo! Wananchi, mnasikia?"

Yowe la mtoto lilikipita kipaza sauti.

Mwenye farasi alishika breki akaniangalia. Mimi nikainua mkono nikamwambia endelea. Nilikuwa nafikiria punda. Punda mpya akifungwa mkokoteni mara ya kwanza anapiga mateke, ukimfungua amejifunza kupiga mateke. Unamwacha azoee.

"Mshushe," mke wangu alisema.

"Mmoja tu tena. Atazoea."

"Mshushe, baba watoto."

Kipaza sauti kilianza kusoma washindi wa mbuzi wa maziwa. Mzunguko wa tatu farasi mwekundu alipita bila mtu. Alikuwa ameruka upande wa pili, na watu walikuwa wengi mno, na gauni lake la manjano nililiona mara moja kati ya miguu ya watu, kisha sikuliona tena.

Tuligawana. Mke wangu alikwenda upande wa mabanda ya ng'ombe, mimi nikaenda upande wa jukwaa. Nilikimbia kama mtu asiye na adabu. Niliuliza wauza miwa, niliuliza askari wa lango. Mtoto asiyejua kusema jina lake, kwenye kiwanja cha maelfu, na barabara ya malori iko hapo nje. Ndipo nikaona ngazi za jukwaa, na mtu mwenye tai amekaa mbele ya mashine ya kutangazia, na nikajiona nina akili. Mtu mwenye akili akipoteza mtoto hufanya nini? Humtangaza.

"Amevaa nini?" yule wa tai aliuliza.

"Gauni la manjano. Miaka saba. Mwambie baba yake yuko hapa."

Akaita. Alitaja jina la mtoto nililompa, akasema, "Wewe mtoto wa gauni la manjano, kuja haraka kwa jukwaa, baba yako anakungoja." Sauti ilikwenda kwenye milingoti yote ya kiwanja. Tukangoja. Hakuna mtoto. Akaita mara ya pili.

"Hasikii huyo," nikamwambia. "Ongeza sauti."

Akaongeza. Mara ya tatu kipaza sauti kilipiga filimbi ile ya kukata meno, mpaka fahali mmoja akavuta kamba. Mimi nilikuwa nimesimama wima nikitazama umati, nangoja ufunguke na binti yangu atoke.

Aliyetoka ni mke wangu, kiatu kimoja mkononi.

"Ni nani anaita?"

"Ni mimi nimemwambia aite."

Alipanda ngazi mbili, pumzi imemwishia. Hakupaza sauti. "Unamwita kwa kitu kile kile kilichomfukuza," alisema. "Kila ukimwita anakwenda mbali zaidi."

Ningependa kusema nilielewa hapo hapo. Sikuelewa. Nilisimama nikijaribu kuona kosa liko wapi, maana nilikuwa namwita mimi, baba yake, kwa jina lake. Ilichukua muda kuingia, na ilipoingia ilikaa vibaya, kama jiwe kwenye unga.

"Zima," nikamwambia yule wa tai.

"Mzee, umeniambia niongeze. Sasa unaniambia nizime. Amua. Saa sita nina mnada wa majogoo."

"Nimesema zima."

"Kiwanja kizima kinategemea hii, mzee wangu."

Mke wangu hakungoja tumalize. Alinyoosha mkono akachomoa waya.

Kiwanja kilitulia kwa namna ya ajabu. Watu walitazama milingoti. Na kwenye utulivu huo, nyuma kabisa ya mabanda, nikaisikia. Dizeli ya silinda mbili, ya zamani, imefungwa vibaya, inaruka pigo moja kila baada ya muda. Ilikuwa jenereta ya shoo, na ilikuwa inanguruma tangu asubuhi bila mimi kuisikia, kwa ajili ya maneno ya kipaza sauti.

"Nifuate," nikamwambia mke wangu.

Jenereta ilikuwa ndani ya kibanda cha mbao, nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna mtu anakwenda kustarehe. Binti yangu alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mbao, gauni la manjano limeingia mafuta. Hakuwa analia. Na kando yake alikuwa ameketi mwanamke mzee, khanga ameivuta kichwani mpaka machoni, ameshika kidole kimoja cha mtoto.

Mwanamke huyo aliinua uso, akaniona, akageuka ukutani haraka. Mimi nikageuka upande wangu. Mke wangu hakuhitaji kuniambia ni nani. Mgongo ule niliujua.

Alikuwa amekuja kuona mwisho wa neno langu. Alisimama asubuhi nzima mbali na sisi kwa ajili ya nthoni, na mtoto aliporuka, yeye ndiye aliyekuwa upande huo. Alimfuata mpaka hapa.

Nilisimama hatua kumi hivi, nimewapa mgongo. Nikamsikia anasema kitu. Desturi inakubali hilo ikibidi, unasema na mtoto na mkweo anasikia. Lakini injini ilimeza maneno.

"Nini?" nikauliza kwa nguvu.

Akajibu kwa nguvu. Nyuma yangu mtoto akaanza kulia.

Mke wangu akasimama katikati yetu na kiatu chake.

"Mkitaka kuongea, ongeeni polepole," alisema. "Na mkiongea polepole mtakaribiana. Mkitaka kuheshimiana kwa mbali, basi mmoja aende nyumbani. Mtoto hawezi kuvumilia heshima yenu."

Sikuwahi kusikia kitu kama hicho kutoka kwa mke. Nilitaka kumjibu, lakini mtoto alikuwa analia. Kwa hivyo nilifanya jambo ambalo nashukuru wateja wangu hawakuliona. Nilirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, koti langu na tumbo langu, ili nisimtazame mama mkwe usoni. Nilijikwaa kwa waya. Nilipohisi mbao za kibanda nikaketi chini, nimetazama upande mwingine. Mtoto alikuwa katikati. Mama mkwe alikuwa karibu kiasi cha mkono. Nilisikia harufu ya ugoro wake.

"Mjukuu wangu," alisema polepole, "mwambie baba yako nilidhani ni mashine yake inakuumiza."

Nikamjibu kupitia mtoto, nikimwita susu, yaani nyanya. "Mwambie susu yako hata mimi nilidhani hakuna kitu kinakuumiza."

"Mwambie ulipofika hapa ulinyamaza mwenyewe. Nilijaribu kukuinua nikupeleke kule kwenye kimya, ukaniuma mkono."

"Mwambie pole."

"Si kitu. Meno yenyewe madogo." Akavuta pumzi. "Mwambie kwangu kuna njiwa, ni kweli. Lakini kuna majogoo pia, na jirani mmoja anatengeneza masanduku ya bati. Habari za hayo sikumtumia."

Injini iliruka pigo lake. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Kichwa chake kilikuwa kinacheza kidogo kwa mtetemo wa mbao, na uso wake ulikuwa mtupu na safi, kama uso wa mtu aliyefika. Nilitazama uso huo kwa pembe ya jicho nikijaribu kuona anasikia nini ndani ya ngurumo hiyo. Labda ngurumo inafunika yale mengine. Labda inamshika. Sijui. Mimi nasikia silinda mbili tu.

Lakini kulikuwa na neno nililolitoa, na mimi si mtu wa kula maneno.

"Mwambie susu yako nilisema ukishindwa kupanda farasi, yeye atakuchukua. Umeshindwa. Nguo zako ziko kwa hoteli. Mama yako atazileta."

Nilimsikia mke wangu akivaa kiatu chake. Mimi nikangoja nikiwa natazama vyoo, kwa maana hapo ndipo uso wangu ulikuwa umeelekea. Nilikuwa nahesabu alasiri ambazo ukuta wangu wa mabati ungekaa bila mtu.

"Mjukuu wangu," mama mkwe alisema mwishowe, "baba yako anasema neno gani? Neno hilo alimpa mke wake. Mimi sijalisikia. Nitalisikiaje, na mimi na yeye hatuongei?"

Mke wangu alifunika mdomo kwa mkono. Mimi nilibaki nimekaa. Nilijaribu kulielewa lile jambo kwa kulianza mbele, kisha kwa kulianza nyuma. Alikuwa ananidharau ama ananihurumia? Alikuwa amenirudishia mtoto, ama alikuwa amenionyesha kwamba mtoto hakuwahi kuwa wangu kumtoa? Nilipogeuka nimuulize, nthoni au si nthoni, alikuwa ameshainuka, khanga machoni, anakwenda zake akipita nyuma ya mabanda.

Nililipa mbuzi wa faini, kwa kuwa nilikuwa nimemkaribia mama mkwe kinyume cha nthoni. Alimpokea mbuzi bila ujumbe.

Mwaka uliofuata tulirudi shoo. Mke wangu alimtia pamba na mimi nikashika kitambaa. Hatukupanda kitu. Tuliketi nyuma ya kibanda cha jenereta kutoka asubuhi mpaka saa tisa, tukala miwa, na mwenye mashine akaniruhusu nimfungie vizuri ile silinda. Mama mkwe aliketi upande wa pili wa kibanda. Jirani yangu wa Matiliku alipotupata hapo akashangaa. "Mmetoka mbali hivyo kuja kukaa na injini? Na nyumbani unayo?" Mtoto alikuwa amelala. Nikamwambia avute jiwe akae, lakini aongee polepole.